Chifu Anatafuta Bosi

Chifu Okwudili Anaekwe aliamua kwenda shule ya biashara akiwa na miaka hamsini na saba, siku aliyojiona ubaoni akiwa kisanduku.

Walimwalika wenyewe. Chuo cha biashara kule Enugu kilikuwa na kawaida ya kuwaleta wafanyabiashara wa kweli ili wanafunzi wawaone, na yeye, mwenye maduka manne ya vipuri vya magari mjini Nnewi na vijana kumi na tisa aliowalea mpaka akawafungulia maduka yao, alionekana anafaa kuonwa. Akavaa kanzu yake iliyochapwa vichwa vya simba, akaweka kofia nyekundu ya uchifu kichwani, akaketi kiti cha mbele akisubiri maswali. Maswali hayakuja. Akasimama profesa mmoja mwanamke, Uzoamaka jina lake, mwembamba, mwenye miwani, akaanza kumweleza yeye.

"Huyu hapa ni Chifu," akasema, akachora kisanduku. "Mzazi analeta mtoto. Mshale unaingia. Mtoto anatumika dukani miaka saba, anajifunza kazi, halafu Chifu anamfungulia duka. Mshale unatoka, na mwisho wake kinazaliwa kisanduku kipya."

Akachora visanduku na mishale mpaka ubao ukajaa. Wanafunzi waliandika kama wanaofukuzwa. Chifu alikuwa ameifanya kazi ile miaka thelathini na hakuwahi kuona mshale hata mmoja. Akaanza kuhisi kwamba labda alikuwa akiuza tu, tena kwa kubahatisha, na wenye akili walikuwa Enugu.

Mwishoni kabisa profesa akachora mshale wa pembeni. Ulitoka kwenye kisanduku cha Chifu, ukaenda zake upande wa kushoto, ukaishia ukingoni mwa ubao bila kufika popote.

"Hawa ni wale wanaofukuzwa kabla ya kufunguliwa duka," akasema. "Hatujui wanaenda wapi. Hakuna aliyewafuata kuwauliza."

Akafunga kalamu yake na watu wakapiga makofi. Chifu hakupiga. Alikuwa bado anautazama ule mshale, na hata dereva alipomfungulia mlango wa gari alikuwa anautazama, ingawa ubao ulibaki ndani.

"Nataka kusoma," alimwambia mkewe Nwakaego jioni ile, wakila ugali wa muhogo na mchuzi wa kambale. "Biashara. Kuna kozi ya wakubwa, haidai shahada."

"Biashara hii unayoifanya?"

"Hii hii."

Nwakaego, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili na kuzaa watoto watano katikati ya mihula, akaliweka tonge chini. "Baba Nkemdi. Mimi leo nikikuambia naenda kusomea kuzaa, utaniita mzima?"

"Wewe hukuchorwa ubaoni."

"Namshukuru Mungu."

"Wanaijua biashara yangu kuliko mimi. Wana mishale."

"Basi nunua mishale," akasema Nwakaego, na akaendelea kula. Lakini alimjua mumewe. Mtu aliyelala chini ya meza ya duka akiwa na miaka kumi na minne hashindwi na fomu. Kesho yake mama huyo akavaa miwani, akachukua kalamu ya wino, akamjazia kwa mwandiko wake wa ubaoni, mzuri wa kutundikwa ukutani.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka ukurasa wa tatu. "Jina la msimamizi wako wa kazi wa sasa," akasoma Nwakaego. "Yaani bosi wako. Ndiye atakuandikia barua ya kukupendekeza."

"Sina bosi."

"Lazima pajazwe."

Chifu akafikiri. "Andika Mungu."

Nwakaego akaandika Mungu, kwa herufi kubwa. Penye namba ya simu ya msimamizi wakaacha wazi.

Fomu ilirudi baada ya wiki mbili ikiwa na karatasi ndogo iliyobanwa kwa pini: *Msimamizi awe hai na apatikane kwa simu.*

"Wamemkosea adabu," akasema Nwakaego.

Chifu alikwenda Enugu mwenyewe, na viazi vikuu kumi katika buti ya gari na katoni mbili za kinywaji cha kimea. Afisa wa udahili, Bwana Nnoruka, alikuwa mtu mwenye tai fupi na uso wa kufungwa. Viazi vikuu hakuvitazama.

"Mzee, fomu ni fomu."

"Mwanangu, mimi ndiye bosi. Bosi wa bosi utamtoa wapi?"

"Ndiyo sababu tunauliza. Mtu ambaye hajaambiwa 'umekosea' kwa miaka thelathini, tutamfundishaje? Tulimchukua mmoja hivyo hivyo. Mwezi wa pili akawa anamtuma mwalimu chai." Bwana Nnoruka akashusha sauti. "Hapa kuna mkurugenzi wa benki, kaleta barua ya bosi wake. Kuna askofu msaidizi, kaleta ya askofu."

"Na askofu?"

"Askofu hajaomba." Akageuza ukurasa wa kanuni na kuuonyesha kwa kidole. "Miezi mitatu chini ya msimamizi, si chini ya hapo. Fomu zinafungwa baada ya miezi minne. Una wasaa, Mzee. Nenda katafute bosi."

Basi Chifu akarudi Nnewi kutafuta bosi, na hapo ndipo kichekesho kilipoanza. Bosi aliyemlea alikwisha kufa zamani. Akaenda kwa Mazi Ejiofor wa matairi, mtu wa rika lake, wakakaa, wakavunja kola, ile mbegu ya kumkaribishia mgeni, akamweleza shida yake.

"Nikutume ukanichotee maji?" akauliza Mazi Ejiofor. "Wewe? Na mimi ndiye niliyekushika mkono siku unavikwa kofia? Nikifa wazee wa huko watanipokea kwa fimbo."

"Maji siyo lazima. Nitume kitu chepesi."

"Hakuna chepesi, Okwudili. Nikishakuambia 'nipe hiyo kalamu' nimekwisha kukutuma."

Wa rika lake wote wakajibu hivyo. Akawaita wale vijana wake kumi na tisa, ambao sasa ni wanaume wenye matumbo na magari, akawauliza nani kati yao atakuwa bosi wake kwa miezi mitatu. Walilia. Mmoja alipiga magoti. Kwa watu wale aliyekulea hawezi kuwa kijana wako. Ni mwiko, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuona mwiko huo unafanya nini. Chifu alikuwa ameusaka ukubwa maisha yake yote, na sasa alikuwa nao mwingi kiasi cha kushindwa kuajiriwa.

Katika soko zima alibaki mtu mmoja tu asiyefungwa na mwiko ule, kwa kuwa kulelewa kwake kulikatwa kabla ya mwisho. Chifu alikuwa amemjua tangu mwanzo. Alizunguka kwa wengine wote kwanza, kama mtu anayezunguka mji mzima ili asipite mbele ya nyumba moja.

Somadina aliletwa kwake na mama yake akiwa na miaka kumi na mitano. Alitumika miaka saba kasoro miezi miwili. Ilibaki miezi miwili afunguliwe duka, katoni ya beringi ikapotea stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye. Chifu alimwita mwizi pale pale mbele ya mstari mzima wa maduka, akamfukuza na nguo alizovaa. Na tuseme ukweli, siku hiyo aliamini anachosema. Wiki ya tatu katoni ikaonekana nyuma ya tangi la maji, imelowa, mahali ambapo aliyeweza kuiweka ni Chifu peke yake. Lakini wakati huo soko zima lilikwisha kusikia, na Jumapili ile alikuwa anavikwa uchifu, na moyoni, tena moyoni kabisa, aliona afueni kwamba mwaka huo angemfungulia duka kijana mmoja badala ya wawili. Akazitoa beringi, akazifuta, akaziuza. Hakumwambia mtu, hata Nwakaego. Miaka kumi na miwili ikapita, na angeimudu mingine kumi na miwili lau profesa asingeuchora ule mshale.

Duka la Somadina lilikuwa mstari wa saba, wa mwisho, jirani na choo cha soko. Aliuza breki. Chifu alimkuta juu ya ngazi akishusha boksi, peke yake.

"Chifu," akasema Somadina kutoka juu. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kijana wa duka. Miezi mitatu. Halafu uniandikie barua ya kwenda shule."

Somadina akashuka ngazi taratibu, akakaa juu ya boksi lake. "Umekunywa dawa zako leo?"

"Nimekunywa."

"Hebu niambie tena."

Chifu akaeleza yote: ubao, visanduku, Bwana Nnoruka, askofu msaidizi. Mshale aliuruka. Somadina alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo lilimtisha Chifu kuliko kucheka.

"Unajua kwa nini napanda ngazi mwenyewe?" akauliza. "Nina miaka thelathini na minne. Wenzangu wana vijana watatu, wanne. Mimi hakuna mzazi aliyewahi kuniletea mtoto wake. Nani ampe mwizi mtoto alee?"

Chifu akatazama viatu vyake. Alikuwa na neno la kusema hapo, na nafasi ilikuwepo. Hakulisema.

"Nitakuchukua," akasema Somadina. "Lakini kwa desturi. Uletwe na mzazi, na kola, na kinywaji, mbele ya watu. Mimi siokoti kijana barabarani."

Wazazi wa Chifu walikuwa kaburini. Jumamosi asubuhi Nwakaego akajifunga kitenge chake kizuri, akamshika mumewe mkono, akampeleka mstari wa saba, na soko likaacha kuuza likawafuata. Mbele ya duka la breki mama yule akasema maneno ambayo kina mama wa pale husema, na aliyasema yote, maana mwalimu haruki mstari.

"Nimekuletea mwanangu. Kwa jasho lako ale, kwa macho yako ajifunze. Kuamka ni mzito, na mdomo anao. Akikosea, mrudi."

"Ana tabia ya kuiba?" akauliza Somadina. Ni swali la desturi. Huulizwa kila kijana.

Nwakaego akamtazama mumewe. "Sijawahi kumkuta."

"Mama yangu naye alijibu hivyo," akasema Somadina. Akapokea kola, akasema aletaye kola ameleta uzima, akaivunja.

Siku ya kwanza Chifu aliambiwa "umekosea" mara kumi na moja. Alihesabu. Alikosea kufagia, kwa kuwa alifagia kuelekea ndani. Alikosea kupanga, alikosea kufungua mlango, na alikosea kukaa kabla bosi hajakaa. Ilizuka pia hoja ya kofia. Kofia nyekundu haishiki ufagio, na mwenye kuivaa haivui hadharani hovyo. Chama cha wenye maduka kikakaa kikao cha saa tatu, kikaamua kwamba kofia itundikwe msumarini tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na kwamba wakati huo uchifu wake utahesabika uko msumarini. Watu wenye heshima zao wakawa wanapita duka la breki wanausalimu msumari.

Wale vijana wake kumi na tisa hawakuweza kuvumilia. Jumanne, kabla ya saa moja, walikuja wote na mafagio, wakafagia mstari wa saba kuanzia choo mpaka kona ya betri, wenye maduka kumi na tisa, wengine na saa za dhahabu mkononi, ili baba yao asiiname. Somadina aliwakuta wanamalizia.

"Nani kawaita?"

"Tunamsaidia baba yetu, bosi mkubwa," akasema mmoja. Walikuwa wamejadiliana wamwiteje, wakaona bosi wa bosi wao hawezi kuwa chini ya hapo.

"Nimeletewa kijana mmoja. Sikuletewa ukoo. Tokeni."

Wakatoka. Vumbi la kipindi kile cha upepo mkavu likarudi lote, na Chifu akafagia upya, safari hii kuelekea nje.

Kuuza ndiko kulikompa shida kuliko kufagia. Mteja mmoja kutoka Awka alitaka breki za lori, na Chifu, mdomo ukiwa umezoea, akambembeleza, akamtania ukweni kwake, akamkatia bei, akamfungia mzigo, mteja akaondoka anacheka. Somadina alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nani kakuambia upunguze?"

"Ni bei nzuri. Atarudi yule. Nawajua watu wa Awka."

"Duka la nani hili?"

Chifu akalitazama duka. "La kwako."

"La kwako nani?"

Wenye maduka ya jirani walikuwa wametoka milangoni kusikiliza. "La kwako, bosi," akasema Chifu. Neno lile hakuwa amelitamka tangu ujana wake, na lilitoka kwa shida, kama mwiba wa samaki.

Mwezi wa pili ukaisha. Akazoea. Alijifunza kwamba Somadina anapenda mkate wa njugumawe wa yule mama wa getini na siyo wa mwingine, na kwamba hatakiwi kuongea naye kabla hajaumaliza. Alijifunza kula baada ya bosi. Alianza hata kujivunia usafi wa sakafu, akawa anawakaripia wateja wenye matope. Usiku alilala kama gogo, na Nwakaego alisema hajapata mume mtulivu namna ile tangu waoane.

Kisha ikaja asubuhi moja Somadina akageuka kutoka mezani kwake na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Katoni ya breki za Peugeot iko wapi?"

Chifu akatazama rafuni. Hakuwa ameigusa. Alijua hakuigusa. Lakini akasikia mdomo wake ukisema mambo ambayo hakuyaita: kwamba anaapa kwa kaburi la mama yake, kwamba ufunguo haukutoka mfukoni, kwamba wamuulize mtu yeyote, kwamba yeye si mtu wa namna hiyo.

"Nimeuliza tu," akasema Somadina. Akainuka kidogo. "Hii hapa. Nimeikalia."

Chifu akaenda nyuma ya duka, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na choo. Yeye alikuwa na maduka manne, kofia na mke mwenye mshahara wa uzeeni, na bado alikuwa ameapa kwa kaburi la mama yake. Akamfikiria mtoto wa miaka ishirini na miwili, asiye na kitu, mbele ya mstari mzima. Aibu ilimshika, siyo ile ya kuonwa na watu, ile nyingine, na hakujua aiweke wapi.

Siku ya mwisho ya mwezi wa tatu Somadina akaitoa ile karatasi ya chuo. "Mimi kuandika kwangu kuliishia kidato cha pili, nilipoletwa kwako," akasema. "Kijana huandika, bosi huweka sahihi. Kaa hapo."

Basi Chifu akakaa kujiandikia barua ya kujipendekeza, kwa maneno ya mtu mwingine.

"Unamfahamu mwombaji kwa muda gani?" akasoma.

"Miaka kumi na tisa."

"Anapokea maelekezo?"

"Polepole. Andika hivyo hivyo, polepole."

"Uwezo wake katika kazi?"

Somadina akafikiri kwa haki. "Anaweza kumuuzia kipofu taa za gari. Andika."

Chifu akaandika, akafurahi kidogo, akasoma swali la nne, na kalamu ikasimama. "Je, mwombaji ni mwaminifu?"

Bajaji ilipita nje, ikarudi, ikapita tena.

"Hilo mimi sijui," akasema Somadina. "Niliondoka pale kabla sijajua. Jaza wewe unayejua."

Chifu angeweza kuandika ndiyo. Ni neno fupi, na aliyekuwa akiliuliza alikuwa Bwana Nnoruka tu, mtu wa tai fupi. Aliliona kabisa karatasini kabla hajaliandika.

"Katoni ilipatikana," akasema.

Somadina hakugeuka. "Lini?"

"Wiki ya tatu. Nyuma ya tangi la maji. Niliiweka mwenyewe nikasahau."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Walikuwa wananivika kofia Jumapili ile."

Somadina akainuka, akaanza kupanga breki rafuni, moja moja, ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Zilipoisha akazishusha akaanza upya. "Mama yangu alikuja kwako kuuliza," akasema mwishoni. "Ukamwambia amejaribu kukuuzia mwizi. Alikufa mwaka juzi. Alikufa hajui kama alizaa mwizi au hakuzaa."

Machozi yalimtoka Chifu, yakadondoka kwenye fomu, penye anuani.

"Ifute isilowe," akasema Somadina. "Andika."

Akaandika. Ilichukua mistari yote iliyotolewa na mingine mitatu pembeni. Alipomaliza akainyoosha karatasi ili bosi aweke sahihi.

"Kaisome nje kwanza."

"Barua ni ya Enugu."

"Enugu hawakuniita mwizi."

Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo soko limejaa. Chifu akachukua kofia yake msumarini, akaitazama, akairudisha. Akapanda juu ya kreti ya soda mbele ya duka. Watu wakadhani ni mnada, wakasogea, na mmoja akauliza beringi leo ni bei gani. Mtu aliyezoea kusoma kidogo hajui kuruka, kwa hiyo akaisoma barua yote tangu juu: jina la chuo, sanduku la posta, Sehemu A, tumia wino mweusi. Waliposikia *polepole* wakacheka. Waliposikia habari ya kipofu na taa za gari wakapiga makofi.

"Je, mwombaji ni mwaminifu?" akasoma Chifu. "Hapana. Mwombaji alimwita kijana wake mwizi mbele ya watu kwa katoni ambayo haikuibwa. Aliipata baada ya wiki tatu. Aliuza zilizomo, akanyamaza miaka kumi na miwili. Jina la kijana ni Somadina Obiorah. Hakuiba kitu."

Jenereta la fundi wa rejeta lilikuwa likinguruma, kisha mtu akalizima. Nwakaego, aliyekuwa amemletea chakula, alisimama katikati ya watu na bakuli mkononi, anamtazama mumewe kama mwanafunzi aliyemfundisha miaka mingi na leo ndiyo anasoma mwandiko wake.

"Swali la mwisho," akasema Chifu, akageuza karatasi. "Kwa jumla, unampendekeza mwombaji? Hili hujajibu, bosi."

Watu wote wakageuka mlangoni. Somadina alikuwa amesimama pale na mikono yake ya vumbi.

"Weka ndiyo," akasema. "Waaminifu shule wanaitakia nini?"

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba katoni mpya ya beringi, yeye ambaye hauzi beringi, kumbe aliikopa duka la jirani wakati barua inasomwa. "Kijana akimaliza kwangu haondoki mikono mitupu," akasema mbele ya wote. "Huyu amemaliza. Mwende naye salama, mama."

Desturi inataka kijana apokee kwa magoti. Chifu akapiga magoti, akapokea, na kuinuka kukamshinda. Ilibidi Mazi Ejiofor ashike upande mmoja na Nwakaego upande wa pili, na hata walipomsimamisha aliendelea kuikumbatia ile katoni, hataki kumpa mtu ambebee.

Kesho yake alipeleka ufunguo wa duka lake la nne mstari wa saba. Somadina aliushika, akaupima mkononi, akaurudisha. "Duka ninalo," akasema. "Nilikosa jina." Jumatatu iliyofuata mwanamke mmoja wa Ozubulu alisimama mbele ya duka la breki na kola katika sahani, na mwanawe kamshika mkono. Ngazi ikapata mpandaji.

Jibu kutoka Enugu lilikuwa fupi, limebanwa kwa pini. *Barua imetimiza masharti. Msimamizi yu hai na amepatikana kwa simu.*

Siku ya kwanza darasani Chifu alikaa mstari wa nyuma, baada ya kusubiri mwalimu aketi kwanza. Profesa Uzoamaka akachora kisanduku. Akachora mishale na visanduku vingine, ubao ukajaa, na mwishoni akachora ule wa pembeni ukaishia ukingoni.

"Hawa hatujui wanaenda wapi," akasema.

Chifu akanyoosha mkono, na hakuushusha mpaka alipoitwa. Akasimama.

"Mstari wa saba, karibu na choo," akasema. "Anauza breki. Ni bosi wangu."